Tulikwenda Kutafuta Magongo

Wadogo zangu wa chumba cha plasta,

Siku mliponiaga mlinipa kitenge, beseni na daftari gumu lenye mistari. Kitenge nimekwisha kukishona, beseni linafanya kazi kila siku, daftari likabaki kabatini likinitazama. Wiki iliyopita Jenista akanipigia simu: "Sista Adventina, umeanza kuandika?" Nikamjibu nimeanza. Ulikuwa uongo, na kwa kuwa nimestaafu kazi lakini sijastaafu kusali, leo nimekaa mezani niufanye uwe kweli.

Habari za vyeo mtazikuta kwenye faili langu, kama panya hawajalifikia. Mimi nitaandika yale ambayo hayaingii kwenye faili.

Ninyi wengi hamjui kwamba mimi si mtu wa Karagwe. Ni mtu wa Muleba. Nilifika hapa binti mwembamba mwenye cheti kipya cha uuguzi, nikapangiwa wodi ya akina mama katika hospitali yetu, ambayo sina haja ya kuitaja kwa sababu mnaijua hadi harufu. Kihaya chetu na Kinyambo cha hapa ni lugha ndugu, nikadhani sitapata shida. Asubuhi ya kwanza bibi mmoja asiye na meno akaniambia jambo, nikakimbia kumletea chombo cha kujisaidia. Kumbe alikuwa ananiuliza mama yangu anaitwa nani. Alicheka mpaka chombo kikawa kweli kinahitajika.

Sikuwa na mpango wowote na mifupa ya watu. Mwezi wa pili tangu nifike, msaidizi wa chumba cha plasta alikwenda msibani Bukoba, matroni akanishika bega koridoni. "Adventina, kashike pale kwa siku tatu." Siku tatu hizo zimeisha mwaka huu.

Mwenye chumba alikuwa Ta Kaijage, "Ta" ya heshima anayopewa mwanamume mzima. Wakati ule alikuwa mtu mzima tayari, mrefu, amevaa aproni ya mpira iliyoganda plasta hadi ikawa inasimama yenyewe ukutani. Alikuwa Mlutheri wa kuamka mapema. Maji ya plasta aliyapima kwa kiwiko, kama mama anayemwogesha mtoto. Kila mgonjwa aliyemzidi umri alimwinamia na kumwamkia kwa heshima, "Kasinge waitu," hata kama mgonjwa mwenyewe amezimia.

Siku ya kwanza hakunipa mgonjwa. Alinitoa nje, nyuma ya jengo, kwenye shamba dogo la migomba, akanikabidhi ndoo na bandeji ya plasta.

"Funga mguu huu," akasema.

"Ta Kaijage, huu ni mgomba."

"Ndiyo. Mgomba haulii, haung'ati, wala hauendi kushtaki kwa matroni. Funga."

Nilifunga migomba wiki nzima, maana siku tatu zilikwisha na yule msaidizi hakurudi. Daktari akapita akauliza migomba yetu imepatwa na ugonjwa gani. Ta Kaijage hakuinua hata uso. "Imeanguka na baiskeli, daktari."

Aliyonifundisha kwenye migomba ile ndiyo niliyowafundisha ninyi, lakini nayaandika tena kwa ajili ya watakaokuja. Maji yawe vuguvugu. Ya moto hugandisha plasta kabla hujamaliza, na humwunguza mtu. Bandeji izame mpaka mapovu yaishe, ndipo uitoe na kuikamua kwa upole. Pamba iende kwanza penye mifupa iliyochomoza. Na ufanye kazi kwa kiganja. Vidole huacha vishimo, na kishimo unachokiacha leo ndicho kidonda utakachokisafisha mwezi ujao.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa kweli alikuwa mzee wa Nyakasimbi aliyevunjika mkono kwa kudondoka kutoka juu ya mparachichi. Nilimfunga vizuri, laini, mwenyewe nikaipenda kazi yangu. Nilimkaza mno. Yeye akajikaza kiume, hakusema neno, na asubuhi tukakuta vidole vyake vimevimba na kung'aa kama ndizi zilizopikwa na maganda. Ta Kaijage alichukua mkasi wa plasta akaipasua yote, pole pole, bila kunipigia kelele. Alipomaliza akaleta kigoda.

"Utakaa hapa na mzee mpaka jioni. Kila unapomkumbuka, mwambie achezeshe vidole. Na utamkumbuka."

Nilimkumbuka, na vidole vilipona. Tangu siku hiyo "chezesha vidole" ikawa salamu yangu. Nikipita sokoni Kayanga kuna watu wazima na heshima zao wanaoninyooshea mikono kutoka ng'ambo ya barabara na kuchezesha vidole kumi, wageni wakadhani tumerogwa.

Miaka ile watu walivunjika kwa mambo ya kueleweka. Walidondoka mitini wakichuma parachichi, waliteleza mashambani, waliangukiwa na baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi. Halafu pikipiki zikaja. Sina ugomvi na pikipiki. Zimewafikisha akina mama wajawazito hospitalini kutoka vijiji ambavyo zamani tulivisikia tu kwenye mazishi, na mimi mwenyewe nimepanda nyingi nikiwahi kazini. Lakini tulianza kuona mifupa ya paja imekatika kama muwa, kwa vijana, siku za gulio hasa. Ilibidi tuongeze vitanda vya kuvutia miguu, ambapo mguu huvutwa kwa uzito ili mfupa uunge ukiwa umenyooka, na mawe ya kuvutia yalipotuishia tukajaza mchanga kwenye vifuko na kuvipima kwenye mzani wa kahawa.

Ta Kaijage alistaafu katikati ya hayo. Aliniachia msumeno wa umeme wa kukatia plasta na agizo moja: kabla ya kumgusa mgonjwa, uugusishe kwanza kwenye kiganja chako yeye akiona, ajue kwamba msumeno unatetemeka tu na haukati ngozi. Nimefanya hivyo kila mara na bado nimezimiwa na watu. Mmoja alikuwa askari. Sikuwa hata nimeuchomeka kwenye umeme.

Sasa nifike kwenye magongo.

Fundi wetu wa mbao alichonga magongo mazuri ya mti mgumu yenye mpira chini. Mgonjwa anaondoka nayo, anaahidi kuyarudisha akipona, na hiyo inakuwa mara ya mwisho kuyaona. Mwaka ambao Jenista aliajiriwa tulifika mahali wagonjwa wawili wanashirikiana jozi moja, wakienda chooni kwa zamu. Nikaandika tangazo, nikalipeleka makanisani. Kosa langu, ambalo Jenista hataki lisahaulike, ni kwamba niliandika kwa umoja. Jumapili hiyo katekista wa Isingiro akasimama mbele ya waumini akasoma kwa sauti yake nzito: "Hospitali inawaomba wote wenye gongo majumbani walipeleke kwa Sista Adventina bila kuogopa."

Kanisa zima lilicheka hadi mpiga kinanda akakosea. Magongo hayakuja. Siku ya Alhamisi akaja mzee mmoja mstaarabu, amebeba kidumu kinachonuka pombe, kimefungwa kwenye kanga. Aliangalia huku na huku, akakisukuma chini ya meza yangu. "Sista, nimetii. Ni kidogo, nyingine iliisha kwenye harusi."

Basi tukaamua kwenda kuyatafuta wenyewe, mimi na Jenista, kila tulipopata siku ya mapumziko, na kadi za wagonjwa mkononi. Nyakasimbi, Isingiro, Songambele. Tuliyakuta. Moja lilikuwa kipago cha kuku kulalia. Moja lilikuwa komeo la mlango wa zizi. La Songambele lilikuwa limeegemezewa mgomba wenye mkungu mkubwa, na mwenye nyumba akasimama mbele yake kama anamlinda mtoto.

"Sista, ukilitoa leo mkungu unaanguka. Nipe wiki tatu ukomae."

Nilimpa. Wiki tatu zilipokwisha alileta gongo na nusu ya mkungu.

Tulicheka sana safari zile. Lakini ndani ya nyumba tulizoingia tulikuta kitu kingine pia. Tulikuta mzee ambaye mguu wake niliuunga mwenyewe, ulionyooka kama rula, amekaa sebuleni na kiti cha mkewe kimegeuziwa ukutani. Walikuwa pamoja kwenye gari lililopinduka, akatoka yeye peke yake. Tulikuta nyumba ambayo jina la mtoto aliyefia barabarani halitajwi, na dada yake mdogo alipolitaja mbele yetu mama akatoka nje. Wagonjwa wa nyumba zote hizo walitoka kwangu wakitembea. Kwenye kadi zao nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: amepona.

Halafu tukafika kwa Deo, Isingiro.

Deo alikuwa dereva wa bodaboda, kijana wa miaka ishirini na kitu, mcheshi, aliyelala kwetu miezi miwili akivutwa mguu. Siku ya gulio alikuwa amembeba Editha, fundi cherehani wa Songambele, na robota lake la vitambaa vya sare za shule. Wingu lilikuwa limefunga. Kwenye kona yenye tope Fuso likatokea mbele, pikipiki ikateleza. Editha alifariki palepale. Deo alivunjika paja.

Watu huongea ukiwafunga plasta. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hawawezi kuondoka. Deo aliniambia siku ya tatu, huku ametazama dari, kwamba Editha ndiye aliyemhimiza. "Alinigonga mgongoni, Sista. Akasema kimbiza, Deo, mvua itanilowesha vitambaa." Kisha akanishika mkono. "Usimwambie mtu. Nikisema hivyo nitakuwa namtupia marehemu lawama, na aliyeendesha ni mimi." Sikumwambia mtu.

Sasa mwaka mmoja na zaidi ulikuwa umepita, na Deo alitupokea uani kwake akiwa bado anatembelea magongo. Nikamwambia aketi, nikamshika paja, nikalibonyeza, nikaupinda mguu, nikaunyoosha. Mfupa ulikuwa mgumu kama mchi wa kinu.

"Deo, mguu huu haukuumi."

Jenista akajifanya anasoma kadi.

"Hauumi, Sista," akasema mwishowe. "Lakini siku nitakayotembea kama watu, watasema Deo amepona. Na Editha je?"

Nilimrudishia magongo mkononi. Siku hiyo nilipanda pikipiki nikarudi mikono mitupu.

Miezi michache baadaye, mwezi wa tisa, akaletwa kwangu mama mmoja aliyeteleza shambani, kifundo cha mkono kimevunjika. Nikasoma kadi: Songambele. Nikasoma jina: Ma Paskazia. Alikuwa mama yake Editha.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Sista wa plasta?"

"Ni mimi."

"Ndiwe uliyemfunga yule kijana."

Nilikuwa nimekwisha kulowesha bandeji, na bandeji iliyolowa haikupi nafasi ya kukimbia. "Ndiyo, Mama. Mimi."

Nilipofika kwenye kidole gumba akauliza, "Anatembea?"

"Anatembelea magongo."

"Mpaka leo? Mlimfunga vibaya?"

"Tulimfunga vizuri, Mama. Mguu umepona. Yeye ndiye hajakubali."

Nilimwambia achezeshe vidole, akavichezesha, akaondoka na mwanawe mwingine aliyemleta. Mlangoni akageuka. "Editha ana mwaka na zaidi kaburini, na tangu siku ya arobaini hakuna aliyeniuliza habari zake. Watu wakiniona wanaanza kuongea habari za mvua."

Hilo ndilo lililonifanya nisilale mchana wa Jumapili, na mimi sikosi usingizi wa mchana wa Jumapili. Jumatatu nikamwambia Jenista: tumewazungukia watu hawa mmoja mmoja tukidai mbao. Tungewaita mahali pamoja, tusome majina ya waliofia barabarani, waliopona waje na wafiwa waje, tule pamoja. Jenista, ambaye hana tabia ya kunipa moyo bure, akasema, "Na magongo walete."

Tulichagua uwanja wa shule ya msingi Nyakasimbi, kwa sababu hauko mlangoni kwa mtu. Tulichagua Novemba kwa sababu ndio msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Nikawaza watu wakiwa na senene kwenye vikapu huwa wana roho nzuri. Tukapanga asubuhi ili mvua ya mchana isitukute. Vigumu vilikuwa viwili: nani aanze kusali na nani aanze kuimba. Katekista alisema Wakatoliki ni wengi. Mchungaji alisema turubai ni la Walutheri. Tulikaa vikao vitatu juu ya jambo hilo, na siku yenyewe gari lililobeba kwaya ya Kikatoliki likakwama kwenye tope, mchungaji akaanza kusali kwa kuwa ndiye aliyekuwepo. Baadaye kwaya zote mbili ziliimba wimbo mmoja unaojulikana kote, kila upande kwa maneno yake. Ni mwanzoni tu palipogongana. Ubeti wa tatu ulikwenda vizuri kabisa.

Ta Kaijage alikuja, amevaa koti, ameshika mkongojo wake mwenyewe. Aliangalia rundo la magongo yaliyorudishwa yakiwa yameegemezwa ukutani, akachukua moja, akalinusa. "Hili lilikuwa la kuku," akasema.

Ma Paskazia alikuja na wanawake wa Songambele, mkono ukiwa umekwisha kutolewa plasta. Nilikuwa nimemwambia wazi kwamba na Deo nimemwita. Alisema, "Uwanja ni wa shule," na nikashindwa kujua kama hilo ni ndiyo au hapana. Deo naye alifika amechelewa, akakaa nyuma kabisa, penye ukuta wa darasa la mwisho, na magongo yake. Nilijua nimewaleta watu mbele ya vidonda vyao bila pamba wala dawa, na kama mama yule angeamka akapiga yowe au akaondoka, ningekuwa nimemvunja Deo mara ya pili, na safari hii mbele ya kata nzima.

Mtendaji wa kata alisema ana maneno mawili. Alipoyamaliza jua lilikuwa limehama. Kisha katekista akafungua karatasi, akaanza majina. Alisoma vizuri, kwa heshima, moja baada ya jingine, watu wameinamisha vichwa. Alipofika kwa Editha na kupita, Ma Paskazia akasimama.

"Katekista, ngoja kwanza. Usipite haraka hivyo. Unasoma kama mwalimu anayeita rejista."

Katekista aliishusha karatasi.

"Editha alikuwa mtu," akasema. "Mnataka kumkumbuka, basi mkumbukeni yeye. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na tangu hapo hakuwahi kusubiri kitu. Alikula kabla ya sala. Alinishonea gauni la Pasaka akataka kulimaliza Jumamosi, likatoka mkono mmoja mrefu. Nikamwambia, Editha, mkono huu? Akasema, Mama, wewe kunja." Akanyoosha mikono yote miwili. "Ndilo hili."

Na kweli mkono mmoja ulikuwa umekunjwa. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mwanamke aliyekaa jirani yake, kisha mstari wote, kisha uwanja. Ma Paskazia mwenyewe alicheka, na machozi yakimtoka, na hakuyafuta. Alisubiri watu watulie.

"Deo yuko wapi?"

Vichwa vyote viligeuka. Deo akajiinua kwa magongo.

"Nipo, Mama."

"Alikwambia ukimbize. Si ndiyo?"

Deo akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa, kumwonyesha kwamba siri yake haijatoka kwangu.

"Nakuuliza wewe. Sista mwache."

"Ndiyo, Mama. Alisema vitambaa vitalowa."

"Nilijua. Tangu siku ya msiba nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyemzaa. Nilisubiri useme ili nikuchukie vizuri. Hukusema." Alivuta pumzi. "Lakini aliyeshika usukani ni wewe."

"Ni mimi, Mama."

"Basi. Yeye ana lake na wewe una lako. Lako utalibeba, lakini si kwa mbao za hospitali. Mrudishie Sista vitu vyake."

Deo alitoka penye ukuta akaja hadi mbele, magongo ameyashika mkono mmoja kama mtu aliyebeba kuni. Mguu ulimchechemesha, kwa kukaa bila kazi tu. Alinikabidhi. Nikajikuta namwambia, "Chezesha vidole," akachezesha vya mguuni ndani ya kandambili, na watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko upya.

Hawakukumbatiana, msiniulize. Ma Paskazia aliketi, akamwambia, "Mwanangu, nisogezee kiti hiki kivulini, kisha uniletee maji." Kwetu mtu humtumi hivyo mbele za watu kama humhesabu kuwa wa nyumbani kwako. Deo alisogeza kiti, akaleta maji, akatumwa tena kuleta chakula. Akatumwa tena kwa sababu senene walikuwa wachache. Mpaka tunafunga alikuwa ametumwa mara saba, na ndugu zake wanasema hawajawahi kumwona akitii namna ile.

Tangu hapo tunakutana pale kila mwaka, na hatusomi majina mfululizo tena. Kila jina linaposomwa, wa kwake anasimama, anasema jambo moja la huyo mtu, dogo tu. Nimesikia mambo. Nimesikia habari za mume aliyemwogopa bata, na mwalimu aliyelala kwenye kikao chake mwenyewe. Watu hulia, ndiyo, na hula vizuri baada ya hapo. Mzee yule mwenye kiti kilichogeuzwa alisimama mwaka wa tatu. Alisema mkewe alikuwa akimshinda bao na kuwatangazia majirani. Nilipopita kwake mwaka uliofuata kiti kilikuwa kimegeuzwa kutazama meza.

Deo amerudi kwenye bodaboda. Pale kijiweni Isingiro wanamwita Konokono, na ndiye anayewafundisha wageni jinsi ya kuiendea ile kona. Ma Paskazia hajapanda pikipiki yake mpaka leo. Anasema haina uhusiano na Deo, anaziogopa zote. Deo humsindikiza kwa miguu, akiisukuma, mzigo wa mama ukiwa juu ya kiti.

Mwaka huu nilikwenda Nyakasimbi nikiwa mgeni. Mlinikataza kushika mwiko, mlinikataza kushika ndoo, mkaniweka mstari wa mbele kama mtendaji. Jenista alikuwa na karatasi. Alisoma vizuri, hana haraka, anasubiri watu wamalize kucheka ndipo aendelee. Alipofika mwisho akauliza, kama tunavyouliza kila mwaka, "Kuna jina ambalo hatujalisoma?"

Swali hilo nimeliuliza mimi miaka yote ile, nikitazama kila uso isipokuwa wangu. Hamjui, kwa sababu sikuwahi kuwaambia, kwamba nilikuwa na kaka. Alifariki barabarani, kwenye basi, nikiwa bado chuoni, kabla sijaiona Karagwe. Nilirudi darasani baada ya mazishi, halafu kazi zikaja, na mtu anayewashughulikia wengine ana sababu nzuri kila siku ya kutokuketi.

Mwaka huu nilikuwa nimeketi. Nikanyoosha mkono, kama mtoto wa darasa la pili.

Jenista alidhani nataka maji.

"Nina jina," nikamwambia, na nikasimama. "Ni kaka yangu. Alipenda kwaya kuliko kitu chochote, na hakujua kuimba hata kidogo. Mwalimu wa kwaya alimpa ngoma ili anyamaze. Akawa anapiga ngoma na kuimba. Mwalimu akamnyang'anya ngoma, akampa kazi ya kumshikia kitabu. Akawa anaimba karibu zaidi."

Walicheka, wadogo zangu. Ta Kaijage alicheka, Ma Paskazia alicheka hadi akamshika Deo bega, kwaya zote mbili zilicheka kwa kuwa kila moja ina mtu wa namna hiyo. Nilisimama pale nikasikia watu wa Karagwe na wa jirani zetu Kyerwa wakimcheka kaka yangu, ambaye hawakumjua, na nikaona nami nacheka.

Jenista alikuwa ametoa kalamu, ameweka karatasi juu ya goti.

"Anaitwa nani, Sista?"

"Fideli," nikasema. "Fideli Rwegoshora."

Akaandika.